Kisima Kilichoandikwa Baridi

Wenzangu vijana wa kitengo, mmeniomba kurasa mbili za kumbukumbu kwa ajili ya jarida la ofisi, na barua yenu inasema ziwe "zenye kutia moyo." Kutia moyo sijui. Nimestaafu mwezi uliopita. Vitenge mmenipa, keki mmenilisha, hotuba mmesoma, na nusu ya yaliyosemwa kwenye hotuba ile hayakunihusu. Sasa nasema mimi. Yakizidi nafasi yenu, punguzeni picha za semina.

Mimi ni Somoe, fundi wa vipimo, mzaliwa wa Rahaleo hapa hapa Mtwara. Kwa miaka yangu yote ya utumishi kazi yangu ilikuwa moja: kushusha kipimajoto ndani ya shimo, kusubiri, kukipandisha, na kuandika nilichokiona. Vyeo sitavizungumzia. Viko kwenye jalada langu masjala, na jalada hilo nitalifikia.

Serikali ilitaka kujua kama joto lililoko chini ya ardhi yetu linafaa kwa lolote. Wenzetu wa mikoa yenye volkano walitafuta mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Sisi wa kusini hatukuwa na volkano, tulikuwa na gesi, na ilipopatikana gesi kila mwenye tai alikimbilia huko. Kitengo chetu kikabaki na vyumba viwili, gari moja ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba, na swali lisilo na wateja: je, huku kuna joto la wastani tu, la kukaushia mihogo na korosho bila kukata kuni? Mimi swali lile nililipenda. Mama yangu alilima Mtawanya, na kila masika nilimwona akitupa makopa. Mihogo ameimenya, ameipasua, ameianika juani, mvua imekuja, ukungu umeingia, na jasho lote la shamba limekwenda jalalani. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba utafiti wetu ni mdogo, nilijua anayesema hivyo hajawahi kula ugali wa makopa yaliyooza.

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa kituo wa wakati huo alinionesha jiko la chai kabla hajanionesha meza yangu. Nikapika chai. Siku ya pili nikapika tena, nikaipika vibaya kwa makusudi. Siku ya tatu hakuna aliyeniomba, na nikapata nafasi ya kutoka na gari.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilumba, mchimba visima wa Kimakonde ambaye mashine zilimla sikio la kushoto. Ukimsalimia upande huo hakujibu, na wakubwa walidhani ana kiburi. Kiburi alikuwa nacho pia, ila si kwa sababu hiyo. Kipimajoto chetu alikitengeneza mwenyewe. Kilikaa ndani ya bomba la shaba, kikaning'inia kwenye waya mrefu, na kila mita moja alifunga kitambaa chekundu ili ujue umefika kina gani. Akanipa waya nishike, akaniambia niushushe polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Kikifika chini usikipandishe mbio. Kaa. Kunywa maji, piga soga, acha bomba lizoee. Andika kwa penseli, maana wino na jasho la Mtwara havipatani.

Kisha akanipa sharti ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Kabla ya kupima, uliza watu wa pale ni nani amegusa maji hayo tangu asubuhi, na amefanya nini. "Uliza ntu kwanza," alisema kwa lafudhi yake, "shimo baadaye. Shimo halina haraka." Nilimcheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimetoka chuoni, na chuoni hatukufundishwa kuwahoji kina mama wenye ndoo.

Tulizunguka naye mwaka baada ya mwaka, Mikindani mpaka kando ya Ruvuma. Mashimo mengi yalikuwa ya kawaida, na tuliyaandika hivyo hivyo. Halafu tukafika kwenye kijiji kimoja karibu na mdomo wa mto. Jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe hadithi hii inawatia haya mpaka leo. Pale palikuwa na kisima kilichochimbwa zamani na watu wa maji, bomba lake pana kiasi cha kupitisha ndoo ndogo, na maji yamesimama si mbali na mdomo. Kina mama walikuwa wakifulia tu. Ya kunywa waliyaacha mtungini yapoe usiku kucha, au walitembea mpaka kijito cha mbali. Mzee Chilumba alivuta ndoo moja, akatumbukiza mkono, akautoa upesi. Tukashusha waya. Kila kitambaa chekundu kilichozama, joto lilipanda. Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu kazini, alikaa chini kwenye mchanga akacheka peke yake.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Bi Zainabu, mama mwenye shamba la mikorosho na mihogo, ambaye wazazi wake walivuka naye kutoka Msumbiji wakati wa vita akiwa msichana mkubwa. Alituuliza kwa wasiwasi kama maji yale yana ugonjwa. Nikamwambia hapana, yana bahati. Nikamweleza kwamba yakipitishwa kwenye mabomba chini ya vichanja, yanaweza kukausha makopa hata mvua ikinyesha wiki nzima. Akaniangalia kama mtu anayepima uongo. "Mwanangu," alisema, "hilo ukilileta, mimi mwenyewe nitakupikia kuku." Nikamwahidi.

Tukaandika taarifa makao makuu. Wakajibu kwamba atakuja mtaalamu mkubwa kuhakiki. Nitamwita Daktari, kwa kuwa hakupenda kuitwa vinginevyo. Mimi ndiye niliyepeleka barua kijijini siku tatu kabla: wageni wanakuja, wanatoka mbali, watahitaji kuyaona maji yenu. Juma hilo hilo Mzee Chilumba alifiwa na dada yake Newala, akaenda msibani. Nikabaki mimi na msafara.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Tulifika saa nne asubuhi. Njia ya kutoka kwenye kijito ilikuwa imelowa mpaka matope. Kina mama walikuwa wamesimama kwa mstari, kanga zimeloa mabegani, nyuso zimejaa furaha na uchovu. Nililiona lile tope. Nikaziona zile kanga. Swali la Mzee Chilumba likanijia mdomoni, nikalimeza, kwa sababu Daktari alikuwa anaangalia saa yake na mkuu wangu alikuwa ameshanikonyeza mara mbili nisiongee sana. Niliona aibu kuuliza swali la ndoo mbele ya wasomi. Daktari alikuja na kifaa kipya chenye waya mfupi, akakishusha sehemu ya juu tu, akasema joto la kweli lingejionesha hata pale. Akasoma. Akamsomea karani wake. Maji ya kawaida kabisa. Wakapanda magari.

Vumbi halijatulia Bi Zainabu akanishika mkono. Alikuwa anameremeta. "Umeona tulivyowasitiri?" Nikamuuliza wamesitiri nini. Akasema toka swala ya alfajiri, kina mama wote wa kijiji wamebeba maji ya kijito na kuyamimina ndani ya bomba lile, ndoo kwa ndoo, mpaka yakapoa. "Ngeni atoke huko kote na jua hili, tumpe maji ya moto? Si angesema watu wa Ruvuma hawana adabu."

Nilikaa chini. Sikumgombeza. Ungemgombeza vipi? Nimekulia kwenye pwani hii, najua kwamba kumpa mgeni maji ya uvuguvugu ni sawa na kumfunga mlango. Mama yangu angebeba ndoo vilevile. Walipewa taarifa ya wageni, wakafanya la wageni. Mwenye kazi ya kuuliza nilikuwa mimi.

Niliporudi ofisini nikamweleza mkuu siku hiyo hiyo. Akasema taarifa imeshasainiwa, na kuifuta ni kumwambia Daktari kwamba ameshindwa na wanawake wenye ndoo. Hilo yeye hawezi kulifanya. Miezi michache baadaye rejesta ya taifa ya visima ikatoka, na mbele ya namba ya kisima chetu pameandikwa neno moja: baridi. Kwa neno hilo mradi wa kukaushia ulifutwa, kwetu na kwa pwani yote ya kusini.

Mzee Chilumba aliporudi kutoka msibani alinisikiliza kwa sikio lake zima mpaka mwisho. Hakunifariji. "Wao wamefanya adabu," alisema. "Wewe umefanya woga." Ni kauli iliyoniuma kuliko barua zote nilizowahi kupokea, na alikuwa na haki. Alistaafu mwaka uliofuata akiniachia waya wake, na Mungu amrehemu, sasa ametangulia.

Nikaamua kwamba woga ule utakuwa wa mwisho. Kila mwezi nilikwenda kijijini kwa siku zangu za mapumziko, nikashusha waya wa Mzee Chilumba, nikaandika kwa penseli. Kila mwaka niliandika barua makao makuu kuomba uhakiki mpya. Wakuu wa kituo walibadilika, na kila mpya alinishauri niachane na kile kisima. Mmoja alinipa methali, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamkumbusha kwamba Idi ziko mbili kwa mwaka.

Na vichanja tulivijenga. Bila kibali, ndiyo, andikeni hivyo hivyo. Mafundi bomba wawili wa Magomeni ya hapa Mtwara walinisaidia, pampu ya mkono tuliipata kwenye kisima kilichokauka, mabomba tuliyalaza chini ya mabati, na juu yake chanja za mianzi. Makosa tuliyafanya. Mara ya kwanza tulivifunika kwa mabati juu na pande zote, mvuke wa mihogo ukakosa pa kutokea, makopa yakachemka badala ya kukauka, yakanuka mpaka mbuzi wakayakimbia. Tukaacha upenyo chini na upenyo juu. Masika iliyofuata, mvua inapiga bati, Bi Zainabu alivunja kopa mkononi, likakatika kavu, jeupe ndani. Alilia. Kuku nikapikiwa, na firigisi nikapewa mimi, heshima ambayo hamtaiona kwenye orodha ya tuzo zangu.

Sasa njooni kwenye mwaka wangu wa mwisho wa kazi.

Ukatoka waraka: visima vyote vya utafiti vilivyoandikwa kushindwa vizibwe kwa saruji, kwa usalama wa watoto na mifugo. Waraka mzuri, siupingi. Ila kwenye orodha kilikuwemo na kisima chetu, kwa sababu ya neno lile moja. Akaja afisa kijana kutoka makao makuu na lori la saruji, mtu mstaarabu, aliyeniamkia vizuri. Kilichobaki ni sahihi ya fundi wa kituo kuthibitisha kwamba kisima ni baridi na hakitumiki. Fundi wa kituo ni mimi.

Nikamwambia sisaini. Akadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia nimesikia. Tukaenda naye kijijini, akaviona vichanja, akashusha kifaa chake mwenyewe mpaka chini kabisa, akasoma, akasoma tena. Akatoa kofia akajifuta uso.

"Mama, ni ya moto," alisema.

"Ndiyo ninavyowaandikia miaka yote."

"Lakini rejesta inasema baridi. Mimi siwezi kufuta rejesta. Nisipoziba, nimekaidi amri."

Nikampa kiti. Alikuwa hana kosa, na nilijua ana mtu juu yake. Akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akapiga simu, akazungumza muda mrefu, akarudi na jawabu. Wakubwa wako tayari kusimamisha saruji na kufungua shauri la kipimo kile cha zamani, kwa sharti moja. Nitoe maelezo ya maandishi kwamba wananchi waliharibu kipimo cha serikali kwa kumwaga maji kisimani. Hapo Daktari anabaki na heshima yake, rejesta inapata sababu, na kila mtu anakwenda nyumbani.

Bi Zainabu alikuwa amekaa pale pale akimenya mihogo, mkongwe sasa, kisu hakijasimama. Akasema bila kuinua kichwa, "Andika, mwanangu. Si kweli tulimwaga? Mimi nina miaka mingapi ya kuogopa? Kisima kibaki."

Nawaambia ukweli, kalamu niliishika. Shauri lingekwisha mchana ule. Lakini nilikuwa nimekaa serikalini vya kutosha kujua neno "kuharibu" likishaingia kwenye karatasi linakuja na polisi, na polisi hawaulizi adabu ni nini. Kina mama wale walikuwa wamebeba ndoo toka alfajiri kwa ajili ya wageni wa serikali, na serikali ile ile iwaandike wahujumu? Kwa mkono wangu? Haiwezekani. Nikamwambia afisa, "Waambie wakubwa zako hakuna mwananchi aliyeharibu kitu. Kipimo kiliharibiwa na mpimaji. Dalili niliziona kwa macho yangu, kuuliza ilikuwa kazi yangu, sikuuliza. Andika jina langu."

Akaniangalia. "Mama, umebakiza miezi. Hili litakuwa shtaka la nidhamu."

"Basi lifungue. Na shauri likiwa wazi, kisima ni ushahidi. Ushahidi hauzibwi saruji, au siyo?"

Alifikiri kidogo, kisha akacheka, kijana wa watu, akawaambia wenye lori wageuze.

Shauri likasikilizwa. Nilisimama mbele ya watu watano ambao wawili kati yao niliwafundisha kufunga vitambaa kwenye waya. Niliulizwa kwa nini nimekaa na kosa hilo muda wote huo. Nikajibu kwamba sikukaa nalo, niliandika kila mwaka, nakala hizi hapa. Kilichokosekana ni msomaji. Mwenyekiti hakupenda jawabu hilo. Nikapewa karipio kali la maandishi, la kwanza na la mwisho katika utumishi wangu. Linasema hivi: nimekaripiwa kwa kushindwa kuhakiki kipimo, jambo lililosababisha kisima chenye maji ya moto kuandikwa kwamba ni cha baridi. Likawekewa muhuri, sahihi tatu, na namba ya kisima.

Wiki moja kabla ya sherehe ya kuniaga, mkuu wa kituo wa sasa aliniita ofisini. Ni mtu mwema, na alinifanyia wema. Alisema, "Bi Somoe, miaka yote hii hujawahi kuchelewa kazini. Si haki uondoke na doa. Nimeongea na juu, wamekubali. Karipio tunalitoa kwenye jalada, unastaafu msafi." Alikuwa ameshalichomoa. Lilikuwa pale mezani kati yetu, lina matundu mawili pembeni.

Nikamuuliza, "Rejesta imesahihishwa?"

Akasema bado, iko kwenye mchakato.

Ninyi mnaojua ofisi mnaujua mchakato. Nikaitazama karatasi ile. Barua zangu zote za kila mwaka hazikuwa na muhuri wa mtu. Taarifa ya Daktari bado iko mahali pake, na rejesta bado inasema baridi. Katika serikali nzima, karatasi moja tu iliyosainiwa na wakubwa inakiri kwamba kisima kile ni cha moto, na ni ile inayonikaripia.

Nikamwambia airudishe. Akaniambia nifikirie wajukuu zangu watakaosoma. Nikamwambia wajukuu zangu wanakula makopa ya Bi Zainabu, wataelewa. Akasita, nami sikuondoka kitini. Nilikaa pale mpaka akafungua jalada, akaipitisha kamba kwenye yale matundu, akaifunga mbele ya macho yangu. Iko folio ya mwisho. Siku lori la saruji litakaporudi, nendeni masjala, ombeni jalada la Somoe, mkawasomee.